Siku Timu Yako Inapodanganya

Mhadhara uliotolewa Singida mjini mbele ya walimu wa michezo, waamuzi na mashabiki wa soka



Naomba tuanzie sokoni. Sote hapa Singida tunaijua lumbesa. Mkulima wa vitunguu anafika soko la Misuna na mzigo wake. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezwa kichwa juu yake, linashonwa kwa kamba, na kile kichwa hakilipiwi. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, na hakuna sokoni asiyejua kwamba inakatazwa. Nimesimama pale misimu mingi nikisikiliza malalamiko ya wakulima, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini nimeona pia jambo jingine. Mkulima yuleyule aliyeilaani lumbesa asubuhi akiuza vitunguu, mchana nimemwona akinunua viazi, na mshonaji alipoanza kuweka kichwa juu ya gunia, mkulima wetu hakulalamika. Aliinama akashika kamba, akasaidia kukaza.

Si mtu mbaya yule. Ni mtu aliyehama upande mmoja wa mizani kwenda upande wa pili, na alipohama aliacha hasira yake alikotoka. Mhadhara wangu wa leo ni juu ya kuhama huko. Nataka tuzungumze namna sisi mashabiki tunavyopokea habari ya udanganyifu katika mchezo: mechi iliyouzwa, umri uliofichwa, mchezaji aliyesajiliwa kwa jina lisilo lake. Nataka kusema wazi tangu mwanzo ninachoamini. Hasira ya shabiki dhidi ya udanganyifu wa timu pinzani haina uzito wowote. Uzito wake unaanza kupimwa siku timu yake mwenyewe inapodanganya.

Lugha yetu ya mpira ni tajiri kwa jambo hili. Tuna "kuuza mechi" na "kununua mechi". Tuna "bahasha". Tuna "pointi za mezani". Tuna "mamluki", mchezaji wa kukodiwa, ambaye kila mwalimu aliyewahi kupeleka timu kwenye michezo ya shule, UMITASHUMTA au UMISSETA, anamjua. Na tuna "kubebwa" na "mbeleko". Fikirini hilo neno la mwisho. Mbeleko ni nguo ya mama, anayomfungia mwanawe mgongoni asianguke. Tumelitoa kwenye mapenzi ya mama tukalipeleka kwenye filimbi ya mwamuzi anayependelea. Watu hawatungi maneno mengi kiasi hiki kwa kitu wasichokijua. Tunajua. Lakini sikilizeni jinsi maneno haya yanavyotumika vijiweni: wanaobebwa ni wao, wanaonunua ni wao, wenye bahasha ni wao. Sijawahi kumsikia shabiki akisema, "Jana tulibebwa, na imeniuma."

Turudi nyuma, Februari 2016. Ligi Daraja la Kwanza, Kundi C, siku ya mwisho ya msimu. Geita Gold na Polisi Tabora, majirani zetu wa magharibi, walikuwa wanawania nafasi ya kupanda Ligi Kuu, na hesabu ilikuwa imefika kwenye tofauti ya mabao. Siku hiyo Geita waliifunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa 0. Siku hiyohiyo Polisi Tabora waliifunga JKT Oljoro mabao 7 kwa 0. Mabao 15 katika viwanja viwili, mchana mmoja, huku kila bao likisubiriwa kwa simu kutoka uwanja wa pili.

Mwezi Aprili, Kamati ya Nidhamu ya TFF, shirikisho letu la soka, ilitoa hukumu kwamba matokeo yale yalipangwa. Timu zote 4 ziliadhibiwa kwa kushushwa, na baadhi ya waliohusika wakafungiwa kujihusisha na soka. Nafasi ya kupanda ikaenda Mwanza, kwa Mbao FC.

Mimi wakati ule nilikuwa bado nachezesha ligi ya mkoa. Nakumbuka mijadala yetu wiki ile, na ninyi wa umri wangu mnaikumbuka. Wapo waliosema hakuna ushahidi, mabao hufungwa, Wajerumani si waliwafunga Brazil 7 kwao Brazil mwaka 2014? Wapo waliosema kila mtu anafanya, hawa wamekamatwa tu kwa sababu walizidisha. Wapo waliosema kosa lao ni kutokuwa na mtu mkubwa juu. Na wapo wengi zaidi, wengi kupita wote, waliosema neno moja lililofunga mjadala: "Mpira wa Bongo ndio ulivyo."

Tuyapime majibu hayo. La kwanza ni la mtu anayekana. Anajua, ila hataki kujua kwa sauti. La pili na la tatu ni ya mtu anayehamisha mzigo: kosa lipo, lakini lipelekwe kwa wote ili lisibaki kwa yeyote. Hayo matatu naweza kuyasamehe, maana ndani yake bado kuna aibu, na mwenye aibu bado anajua njia ya kurudi nyumbani. La nne ndilo linalonitisha. Anayesema mpira wa Bongo ndio ulivyo ameacha kudai chochote. Ametoa ruhusa. Kesho akiuziwa mechi nyingine hatakuwa na pa kusimama, kwa sababu alishasema mwenyewe kwamba bidhaa hii huuzwa hivyo.

Na mpira wa Bongo haukuwa vile. Ushahidi ni Mbao yenyewe. Timu ile iliyopanda kwa sababu wengine walikamatwa iliingia Ligi Kuu msimu wa 2016/17 bila jina na bila fedha za kutisha. Ikapambana mpaka siku ya mwisho, ikaifunga Yanga, mabingwa wa msimu ule, bao 1 kwa 0 kwenye uwanja wa Kirumba, Mwanza, ikabaki kwenye ligi. Katika Kombe la Shirikisho ikawatoa Yanga haohao kwenye nusu fainali, ikafika fainali mjini Dodoma, uwanja wa Jamhuri, Mei 2017, na Simba wakahitaji dakika za nyongeza kuwafunga 2 kwa 1. Kila mtu aliyeishangilia Mbao msimu ule alikuwa anashangilia kitu ambacho kingekufa kimya kimya mchana ule wa mabao 15. Sisi tulikuwa tunalinganisha mabao yale na ya Wajerumani, wala hatukuwauliza mashabiki wa Mwanza walikuwa karibu kuibiwa nini.

Wala adhabu haikuua. Jina la Geita Gold lilirudi, safari hii Ligi Kuu, msimu wa 2021/22, wakamaliza nafasi ya 4 na wakacheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Mfungaji bora wa ligi msimu ule alitoka kwao. Timu inaweza kuadhibiwa ikapona. Mashabiki waliozoea kudanganywa, sijui dawa yao.

Sasa nivuke bahari kidogo, niende kwenye mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi, ingawa shule chache nchini zimeanza kuufundisha: besiboli ya Wamarekani. Katika besiboli, mrushaji anatupa mpira, mpigaji anausubiri na gongo lake. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, ambaye kwa vidole vyake, vilivyofichwa katikati ya mapaja, anamwambia mrushaji arushe mpira wa aina gani: wa kasi, au wa kupinda. Mpigaji akijua mapema ni upi unakuja, vita imekwisha nusu.

Mwaka 2017 timu ya Houston Astros ilichukua ubingwa wa ligi kuu ya kule kwa kuwafunga Los Angeles Dodgers. Miaka 2 baadaye mchezaji wake wa zamani alitoboa siri. Uchunguzi wa ligi ukathibitisha: kamera iliyotazamana na mdakaji kutoka upande wa mbali wa uwanja ilikuwa inavisoma vidole vyake, picha zinaletwa kwenye televisheni karibu na benchi, na mtu anagonga pipa la takataka kumpa ishara mpigaji. Pipa la takataka! Teknolojia ya mamilioni ya dola, na mwisho wake ni kugonga pipa kama mtoto anayefukuza ndege shambani. Januari 2020 Houston walitozwa faini ya dola milioni 5, wakanyang'anywa haki za kuchagua vijana wapya, kocha na meneja mkuu wakafungiwa mwaka mzima, na klabu ikawafukuza wote wawili. Wachezaji waliahidiwa kinga ili waseme ukweli, hivyo hakuna aliyefungiwa. Ubingwa haukurudishwa.

Mashabiki wa timu nyingine walichafukwa. Msimu wa 2020 viwanja vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona, wakasubiri. Milango ilipofunguliwa 2021, kila Houston walikokwenda walizomewa, na kuna uwanja ambako pipa la plastiki lililojazwa upepo lilirushwa uwanjani. Kiongozi mkuu wa ligi ile, Rob Manfred, alikuwa ameshazidi kuwachoma kabla ya hapo alipolitaja kombe lenyewe kuwa ni kipande cha chuma tu. Baadaye akaomba radhi. Alitakiwa kuomba. Kombe ni chuma mikononi mwa sonara. Likishafika mikononi mwa bingwa linakuwa ni ahadi iliyotunzwa na watu wote waliokaa juani kulitazama likipiganiwa.

Lakini simleti mzomeaji wa Los Angeles kuwa mfano kwetu. Yeye aliibiwa, ana haki ya kupiga kelele, na kelele ya aliyeibiwa haihitaji ujasiri. Ninayemleta ni mtu mwingine, Tony Adams, shabiki wa Houston, timu iliyodanganya. Habari zilipovuja, mashabiki wenzake walitoa majibu yanayofanana na yetu: hakuna ushahidi, kila timu inafanya, wanatuonea wivu. Yeye alikaa chini na kurejea mikanda ya mechi za nyumbani za mwaka ule wa ubingwa, mpira mmoja baada ya mwingine. Alisikiliza mirusho zaidi ya 8,000, akiandika kila alipolisikia pipa. Alihesabu mirusho 1,143 yenye mlio wa pipa katika mechi 58. Kisha akaziweka hesabu zake hadharani, kila mtu azione.

Fikirini kazi ile ilivyokuwa chungu. Huu ulikuwa ubingwa wa kwanza katika historia ya timu yake. Mechi zile alizirudia zikiwa na furaha zake zote ndani, na katikati ya kila furaha akawa anatega sikio kusikia sauti ya wizi. Hakuhama timu. Alibaki shabiki wa Houston. Ndiyo maana namheshimu: aliipenda timu yake kiasi cha kukataa kudanganywa nayo.

Je, sisi tumewahi kufika kwenye mtihani huo kama taifa? Tumefika, tena mara 2, na kila mara tukiwa upande tofauti wa mizani.

Mara ya kwanza ilikuwa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, nchini Gambia, mwaka 2005. Serengeti Boys, timu yetu ya vijana wa umri huo, walikuwa wamefuzu. Nchi ilikuwa imeanza kushangilia. Kisha ikabainika kwamba tulimchezesha mchezaji aliyezidi umri, CAF ikatuengua, na fainali zikachezwa bila sisi. Kumbukeni tulivyopokea. Tulimtafuta aliyetuchongea. Tulijadili nani alipeleka taarifa, nani ana fitina, nani hakulinda nyaraka. Kilio chetu kikubwa kilikuwa kwamba tumekamatwa. Wale vijana wengine, wenye umri halali, waliofanya mazoezi miezi mingi na wakanyimwa Gambia kwa kosa la wakubwa, hatukuwalilia kiasi cha kutosha.

Mara ya pili ilikuwa 2016, katika mechi za kufuzu fainali zilezile za vijana. Serengeti Boys waliwafunga Congo Brazzaville 3 kwa 2 nyumbani, wakafungwa 1 kwa 0 ugenini, wakatolewa kwa sheria ya bao la ugenini. Tanzania ikalalamika kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Congo. Aliitwa apimwe kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, kipimo ambacho FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana mwaka 2009. Hakutokea. Congo wakaenguliwa, sisi tukaenda Gabon mwaka 2017. Vijana walicheza vizuri: sare na Mali, ushindi wa 2 kwa 1 dhidi ya Angola, kisha Niger wakatutoa kwa bao 1. Safari hii tulisema nini kuhusu umri? Tulisema sheria ni sheria. Tulisema udanganyifu wa umri unaua soka la Afrika. Tulisema kweli tupu.

Ndugu zangu, sentensi zile za 2016 zilikuwa sahihi. Kwa nini hatukuwa nazo mwaka 2005? Sheria ilikuwa ileile. Tulikuwa tumehama upande wa gunia.

Hapa lazima niweke mpaka, nisije nikaeleweka kwamba kila uamuzi tusioupenda ni wizi. Hapana. Tunaharibu neno hilo tukilitupa ovyo. Aprili 2017 Kagera Sugar waliifunga Simba 2 kwa 1. Simba wakalalamika kwamba beki mmoja wa Kagera alikuwa na kadi 3 za njano. Kamati moja ikawapa Simba pointi, nyingine ikawanyang'anya, na msimu ukaisha Yanga na Simba wakiwa na pointi 68 kila mmoja, Yanga bingwa kwa tofauti ya mabao. Huo ulikuwa mgogoro wa kanuni na kumbukumbu za kadi. Ulihitaji karatasi safi na kamati zinazoelewana, na mtu mwaminifu angeweza kusimama upande wowote. Vivyo hivyo mechi ya watani hao wawili ya tarehe 8 Machi 2025, ambayo haikuchezwa mpaka tarehe 25 Juni: watu waliosafiri kutoka mikoani walipoteza nauli na usingizi, walikuwa na haki ya kukasirika, lakini kukasirikia uendeshaji mbovu ni jambo moja na kutuhumu wizi ni jingine.

Tuje nyumbani kabisa. Januari 2025 ilithibitishwa kwamba wachezaji 3 wa kigeni wa Singida Black Stars wamepewa uraia wa Tanzania. Nchi nzima ikabishana. Uraia hutolewa na serikali kwa mujibu wa sheria, nami sisemi kwamba palikuwa na hila. Ninalotaka kuwauliza ninyi mliomo humu ni swali dogo. Siku ile wengi wetu Singida tulisema ni halali, wengi wa kwingine wakasema si haki. Je, wachezaji wale wangekuwa wa timu nyingine, tungesema tulichosema? Sihitaji mnijibu kwa sauti. Kila mtu ajijibu njiani akirudi nyumbani. Mtu akijibu kwamba angesema vilevile, basi alikuwa anaitetea sheria, na nampa mkono. Akijibu kwamba asingesema hivyo, ajue alikuwa amevaa jezi tu.

Sasa nisije nikawahukumu watu nikiwa nimesimama mahali pasafi. Nilikuwa na miaka 17, kidato cha tatu, nimerudi likizo kijijini kwetu, sehemu ambayo sasa ni wilaya ya Ikungi. Palikuwa na kombe la mbuzi baina ya vijiji. Timu yetu ilifika fainali, na wakubwa wakaamua kuleta mchezaji kutoka mjini, mtu mzima aliyekuwa anacheza ligi. Kijana mmoja wa kijiji alikuwa ameondoka na ng'ombe kwenda machungani upande wa Manyoni. Ikaamuliwa mgeni acheze kwa jina lake. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, mimi ndiye niliyepewa daftari. Nililiandika jina lile kwa wino wa buluu, namba 9, nikapiga mstari chini yake kama nilivyofundishwa shuleni.

Kabla ya mechi mwamuzi aliwapanga wachezaji akaanza kuita majina. Alipofika namba 9 akaita. Kimya. Akaita tena. Yule mgeni alikuwa ametazama pembeni, kwa sababu lile halikuwa jina lake na alikuwa amelisahau. Mwenzake akampiga kiwiko, akaitika. Mwamuzi alisita. Wachezaji wa kijiji cha pili wakatazamana. Ilikuwa sekunde moja ambamo jambo zima lingeweza kuishia pale.

Na hapo ndipo sisi tuliozunguka uwanja tulipofanya kazi yetu. Mtu mmoja nyuma yangu akaanza kulipaza jina lile kwa shangwe, wengine wakadaka, akina mama wakapiga vigelegele, na dakika moja baadaye kijiji kizima kilikuwa kinamshangilia mgeni yule kwa jina la kijana aliyekuwa porini na ng'ombe. Hakuna aliyetuagiza. Kila mmoja wetu alimjua kijana mwenye jina. Tuliimba mpaka mgeni akalizoea, na mwamuzi akapuliza filimbi. Tulishinda 3 kwa 0. Yule mgeni alifunga 2. Usiku tulichinja mbuzi, nami nilikula.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba kosa lilikuwa la wakubwa walioleta mchezaji, na kidogo langu mimi niliyeandika. Sikuwahesabu waimbaji. Leo nawahesabu. Daftari langu lilikuwa karatasi tu, na mwamuzi alikuwa ameshaanza kulitilia shaka. Kilichoigeuza karatasi kuwa ukweli ni sauti zetu. Udanganyifu wa mezani hufanywa na watu wachache. Ili ufike uwanjani na kutoka na kombe, unahitaji umati unaokubali kutoona.

Mambo haya yamekuwa mazito zaidi siku hizi, kwa sababu shabiki hana tena moyo peke yake uwanjani. Ana mkeka mfukoni. Kijana wa pale stendi anayebeti mechi 12 kwa shilingi 1,000 anataka matokeo, na walanguzi wa matokeo wanajua hivyo. Majirani zetu Kenya wameyaona: Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji 4 kwa njama za kupanga matokeo ya ligi kuu ya kule, mmoja maisha, wengine miaka 4 kila mmoja. Pale ambapo watu wazima wamesema mpira ndio ulivyo, mchezaji anayelipwa kwa kuchelewa ataona ubaya gani katika bahasha?

Basi tufanye nini? Sina mapendekezo makubwa. Waamuzi wana kanuni zao, TFF wana kamati zao, TAKUKURU wana sheria yao. Mimi nasema na mashabiki.

Walimu na wazazi, tuanze na watoto. Michezo ya shule ikikaribia, orodha ya wachezaji ibandikwe ukutani shuleni, jina, darasa na mwaka wa kuzaliwa, wiki nzima kabla ya kusafiri. Kijiji kinajua watoto wake. Hakuna mashine ya MRI inayomshinda mama aliyezaa mwaka uleule na mama wa mchezaji. Na mzazi akija kusema huyu si mwanafunzi wetu, asiitwe msaliti wa shule. Apewe kiti.

Matawi ya mashabiki, yawe ya Simba, ya Yanga au ya timu yetu hapa, yawe na mtu wa kuweka kumbukumbu. Daftari la shilingi 1,000 linatosha. Aandike kadi, penalti, maamuzi tuliyopendelewa na tuliyoonewa, yote kwenye ukurasa mmoja. Mwisho wa msimu lisomwe mbele ya wanachama. Tawi litakaloweza kusikiliza orodha ya siku lilipopendelewa bila mtu kususa, hilo litakuwa na haki ya kulalamika siku litakapoonewa, na atakayelisikia atalazimika kuliamini.

Na uwanjani tujifunze kunyamaza. Bao la tano linaloingia huku kipa amesimama tu, tusilishangilie. Uwanja wetu umepewa jina la Liti, mwanamke ambaye Wanyaturu wanamkumbuka kwa kuwakabili Wajerumani, nyuki wakiwa upande wake. Uwanja wenye jina hilo unatosha kuwa mahali ambapo timu ya nyumbani inajua kwamba watu wake hawatauimba uongo.

Nimalizie. Miaka kama 20 baada ya ile fainali nilikutana na aliyekuwa nahodha wa kijiji cha pili. Alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, nami nilikuwa nimefuata mafuta. Tulitambuana. Mafuta yakiwa yanachujika nilimwambia kwamba jina namba 9 niliandika mimi, na kwamba naomba radhi. Alinyamaza, akafunga koki, akaweka dumu langu juu ya mzani na kusubiri mshale utulie.

Akasema, "Tulijua siku ileile. Yule mtu sikumchukia, alikuwa ametafuta chakula. Wewe ulikuwa mtoto. Kilichoniuma mpaka leo ni ninyi wote pale pembeni, mlivyokuwa mnamwita jina lile."

Kisha akanisogezea dumu ili nisome mwenyewe kilo zake kabla ya kulipa. Nilisoma. Zilikuwa sawasawa.